Jibu: Nakwenda Svalbard kwa utafiti mwezi Machi, nianze na nini?

Mdogo wangu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hongera sana. Umesema unakwenda kuchukua sampuli za udongo ulioganda, na swali lako la kwanza ni koti. Koti liache kidogo, shughulikia viza.

Mimi nilikwenda huko nikitokea hapa hapa Dodoma. Svalbard, visiwa vya baridi kali kaskazini ya mbali, iko chini ya Norwei lakini haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiruka kutoka Oslo au Tromsø, miji ya Norwei bara, kwenda Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Omba viza ya kuingia mara mbili, na ukipewa isome vizuri kabla hujaondoka ubalozini. Bima ya viza, ile ya euro 30,000, haitoshi peke yake. Itaje pia gharama za kutafutwa na kuokolewa, maana hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Tromsø.

Nguo ya kugusa ngozi iwe sufu. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama tu baridi inakuingia. Pitia mitumba pale soko la Sabasaba bila haraka, usome lebo za ndani. Sufu halisi hupatikana. Koti zito na buti, muulize mwenyeji wako kama wanaazimisha kabla hujatoa hela.

Sasa mikono, jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Kazi unayoifanya hapo chuoni Chimwaga kwa dakika moja, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri itakutesa. Anza mazoezi leo: vaa glovu mbili, fungua na ufunge vichupa, andika lebo, badilisha betri, rudia mpaka vidole vizoee. Vifaa vyako vilaze kwenye friza la maabara usiku kucha, asubuhi uviwashe uone kipi kinagoma. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Andika kwa penseli, wino huganda. Chuma usikishike mkono mtupu.

Halafu kuna dubu weupe. Ukitoka nje ya mji lazima muwe na vifaa vya kuwafukuza, ndiyo maana watafiti hufundishwa kutumia bunduki. Kama hujawahi kuishika, sema mapema wakufundishe. Dubu hao wanalindwa kisheria tangu 1973, kumpiga risasi ni hatua ya mwisho kabisa.

Weka hapa orodha ya vifaa vyako, nitaipitia kimoja kimoja.