Usiiruhusu Soundex iunganishe majina yako usiku wa leo

Umeuliza ipi iliyo bora kati ya Soundex, Metaphone na umbali wa Levenshtein, mbinu tatu za kompyuta za kutafuta majina yanayofanana, ipi yenye kasi zaidi, na iwapo programu uliyoibandika hapa iachwe usiku iyaunganishe yenyewe majina yanayofanana katika orodha ya wanachama. Hilo la mwisho limenitoa jasho. Usifanye hivyo, ndugu. Mimi nilifanya.

Aliyenipoteza ni mshauri aliyelipwa mara kadhaa ya mshahara wangu, ambaye alitangaza kwamba, kwa kuwa Soundex imo tayari ndani ya hifadhidata, kazi ilikuwa imekwisha. Hakusema, na sasa naamini hakujua, kwamba mbinu hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya kupanga faharasa za majina, tena kwa kufuata masikio ya Kiingereza. Huishika herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, kisha huzipa konsonanti zilizobaki tarakimu tatu tu. Sasa chukua Salma, Salome, Salimu na Salumu: wote wanne hupata msimbo mmoja, S450. Programu yangu iliwaona kuwa ni mtu mmoja mwenye mwandiko mbaya, ikaandika jina moja juu ya mengine, ikajumlisha michango yao na kuzifuta rekodi tatu. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini jueni kwamba kwa muda mfupi nilikuwa na mwanachama mwaminifu kuliko wote, aliyelipa mara nne kila mwezi.

Kufananisha vibaya kungesameheka. Kosa lililonigharimu ni kwamba sikubakiza tahajia za awali popote. Nakala rudufu ilijichukua yenyewe saa moja baada ya programu kumaliza, ikaifunika ile ya zamani, kwa hiyo nikawa nimelihifadhi kosa langu kwa uangalifu mkubwa. Tulipekua fomu za karatasi kwa miezi mitano, moja baada ya nyingine, na zipo ambazo hazikuonekana hadi leo. Mshauri alikwisha kulipwa na kuondoka.

Kibaya zaidi, majina yaliyostahili kukutanishwa yalibaki mbalimbali. Hadija ni H320 na Khadija ni K320, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi kamwe. Ramadhani ni R535 na Ramazani ni R525. Usidhani kwamba Metaphone ya mwaka 1990 itakuokoa, kwani nayo inafuata matamshi ya Kiingereza: s ikifuatwa na ia huihesabu kama sh, hivyo Asia na Asha hupata msimbo uleule. Levenshtein haisikii sauti yoyote. Huhesabu tu herufi chache kabisa za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili jina moja liwe jingine. Hadija na Khadija wako hatua moja, jambo jema, lakini Asha naye yuko hatua moja kutoka kwa Aisha na hatua moja kutoka kwa Asia. Kosa la herufi moja katika jina la herufi nne si sawa na kosa hilohilo katika jina la herufi kumi, basi ukiitumia, gawanya umbali kwa urefu wa jina.

Ninachokusihi ni kimoja: mbinu hizi zikutafutie washukiwa tu, zisitoe hukumu. Liache jina kama lilivyoandikwa, weka msimbo katika safu yake ya pembeni, kisha jozi zinazofanana ziende kwenye jedwali jingine ambako mtu mwenye macho atatazama tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kabla ya kukubali. Kabla ya kupima umbali wowote, tengeneza katika safu hiyo ya pembeni nakala ya jina ambamo kh imekuwa h, dh imekuwa z na gh imekuwa g. Kanuni hizo chache, nilizoziandika mwenyewe kwa hasira alasiri moja, zimenipatia jozi za kweli nyingi kuliko Soundex ilivyowahi kunipatia.

Katika programu yako, mstari wa pili kutoka mwisho una amri ya kufuta. Iondoe sasa hivi, kisha uje utuambie hapa kwamba umeiondoa.