Muulize Fundi: Mama hasikii king'ora cha moshi

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni, aliugua uti wa mgongo akapoteza usikivu wote. Anaishi Sakina na mjukuu wake wa darasa la tano. Shemeji yangu aliyeko Uingereza alituletea king'ora cha moshi, nikakifunga koridoni. Wiki iliyopita mtoto aliunguza mandazi, king'ora kikalia mpaka majirani wakatoka nje. Mama alikuwa chumbani anakunja nguo, hakujua lolote hadi mtoto alipokwenda kumvuta kanga. Usiku mtoto huyo akilala ni fofofo. Kuna aliyenishauri nifunge taa ya kuwakawaka chumbani kwa mama. Itatosha?
Binti wa Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. King'ora hicho kiache hapohapo, kwa sababu mtoto na majirani wanakisikia. Ila kwa mama bado hakijaanza kazi. Wala usimtegemee mtoto wa darasa la tano awe ndiye king'ora cha bibi yake. Watoto wengi hawaamki kabisa kwa mlio ule mwembamba, na huo ni mzigo usiomfaa.

Taa peke yake haitoshi. Mchana itamsaidia sana: akiwa anakunja nguo ataona ukuta unamulikwa, atainua kichwa. Usiku ni habari nyingine. Australia, watafiti Dorothy Bruck na Ian Thomas waliwajaribu watu wenye usikivu hafifu wakiwa usingizini. Taa za kuwakawaka ziliamsha kama robo yao tu, ilhali vitetemeshi vya kitandani viliamsha wanne hivi kati ya kila watano. Kijana ninayefanya naye kazi za waya hapa Ngarenaro ni kiziwi, na siku nilipomwonyesha taa ya namna hiyo alivuta koti lake akajifunika kichwa chote, akaniangalia. Nilimwelewa. Mwezi wa saba Arusha nani halali gubigubi? Weka na chandarua juu yake, halafu mtu awe amegeukia ukutani. Taa itawaka mpaka asubuhi.

Msidanganyane pia kwamba atasikia harufu. Aliyelala usingizi mzito haamshwi na harufu ya moshi, na ndani ya moshi huo kuna hewa ya sumu inayomzidishia usingizi.

Kwa hiyo mtafutie kitetemeshi. Ni kidude cha duara, bapa, kinene kama kopo la dawa ya viatu, kina waya wake. Ndani kuna mota ndogo yenye uzito uliokaa upande mmoja. Ikizunguka, kidude chote kinatikisika kwa nguvu kuliko simu mara nyingi. Mahali pa kukiweka ndipo watu wanapoharibu. Godoro la sponji nene linameza mtetemo, hivyo ukikitupa chini ya godoro katikati ya kitanda, mama hatahisi kitu. Kiweke chini ya mto, ndani ya foronya, na ukibane kwa pini ili kisidondoke akijigeuza. Kama hapendi kukilalia, kiweke kati ya chaga na godoro, usawa wa mabega, kisha mwambie alale mwenyewe aseme anakihisi au hapana. Yeye ndiye atakayeamka nacho, basi yeye ndiye achague.

Namna ya kukiunganisha inategemea king'ora ulicho nacho. Kishushe, usome mgongoni jina la kampuni na aina yake. Kama ni kile cha kuwasiliana na vingine kwa mawimbi ya redio, shemeji atafute kitetemeshi na taa vya kampuni hiyohiyo, kwa sababu vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani. Huo ndio mfumo ninaoupenda kwa mama: moshi ukishikwa koridoni, kitanda kinatikisika na taa inawaka kwa pamoja. Kama ni cha kawaida kisichowasiliana, kuna kifaa cha kuweka kando ya kitanda kinachosikiliza ule mlio wenyewe, pi-pi-pi, kimya kidogo, pi-pi-pi, halafu kinawasha kitetemeshi. Hicho kinafaa kwa sharti moja: king'ora kingine kifungwe ndani ya chumba anacholala, maana mlango ukifungwa mlio wa koridoni unafika umefifia. Hata bila sharti hilo ningefunga kimoja chumbani kwake, kwenye dari, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa.

Vifaa vya Uingereza vina plagi ya pini tatu kama zetu na umeme wake unalingana na wetu, vinaingia bila shida. Vya Marekani, soma kwanza adapta. Isipoandikwa kwamba inapokea hadi volti 240, usiichomeke.

Sasa sikiliza hili, maana Sakina umeme unakatika kama kwingine. Kitetemeshi kinachokula umeme wa ukutani tu kitakuwa kimekufa usiku uleule ambao mmewasha mishumaa. Nunua chenye betri ya akiba ndani yake. Mkikifunga, zimeni swichi kuu, bonyezeni kitufe cha majaribio, muone kama kitanda kinatikisika gizani. Kisha fanyeni jaribio la kweli: kubalianeni na mama kwamba siku moja ya wiki hiyo, asiyoijua, utabonyeza kitufe akiwa amelala. Uliza kwanza kama ana kifafa au tatizo la moyo. Mwenye kifafa taa ya kuwakawaka inaweza kumletea shida. Asipoamka, hamisha kitetemeshi, rudia. Baada ya hapo bonyezeni kila mwezi, na king'ora kikifikisha miaka 10 kibadilishwe hata kama bado kinalia.

Na akishaamka? Dirisha lina nondo, kwa hiyo njia ni mlango. Ufunguo ukae kwenye msumari mmoja, usihame. Ning'iniza tochi kwenye kichwa cha kitanda, na hili nalisisitiza: gizani kiziwi haoni alama za mikono wala midomo, hivyo bila mwanga mtoto hawezi kumwambia bibi yake kitu. Wafundishane pia alama ya kugusa. Wenzetu wasioona na wasiosikia, katika nchi nyingine, huchorewa X kubwa mgongoni kwa kidole, maana yake kuna hatari, tunatoka sasa hivi. Mjukuu na bibi wanaweza kuizoea kwa jioni moja. Zimamoto ni 114, lakini ni namba ya kupigwa na mtu anayesikia. Kwenye simu ya mama andikeni mapema ujumbe wa moto wenye jina la mtaa na alama ya nyumba, wa kutumwa kwa majirani wawili watatu na balozi wa nyumba kumi, nao wajue kwamba ukiingia ni kupiga 114 papo hapo na kuja.

SWALI: Fundi, mimi ni kiziwi, nimepanga chumba Ngaramtoni. Mwenye nyumba hataki nitoboe dari. Simu yangu ina sehemu ya kutambua sauti ya king'ora na kutetema. Niitumie hiyo?
Mpangaji

JIBU: Itumie kama nyongeza. Simu nyingi za Android na za iPhone zimekuwa na uwezo huo tangu 2020, na mchana ukiwa nayo mfukoni inasaidia. Usiku chaji inaisha, au simu inateleza chini ya kitanda, na watengenezaji wenyewe wanaonya isitegemewe kwenye hatari. Kuhusu dari, king'ora cha betri kinashikwa na skrubu mbili ndogo tu. Mwonyeshe mwenye nyumba kifaa chenyewe, mwambie utaziba matundu ukihama, na umkumbushe kwamba nyumba inayolindwa ni yake. Kama chumba hakina dari, kifunge kwenye kenchi, kisiguse bati, maana joto la bati mchana linakiharibu.

SWALI: Bibi yetu Usa River anasikia kidogo, hasa sauti nzito. Kipindi cha baridi tunamwingizia jiko la mkaa chumbani apate joto. King'ora cha moshi cha kawaida kitamtosha?
Wajukuu

JIBU: Jiko hilo litoeni kabla ya yote, leo. Mkaa ukishashika hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na king'ora cha moshi hakiitambui. Kuna king'ora chake maalumu, ila hata hicho si ruhusa ya kulala na jiko. Mpeni blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

Kuhusu sauti mko sahihi. Ving'ora vya kawaida vinalia kwa sauti nyembamba ya hertzi 3,000 na zaidi, na sauti hizo ndizo wazee hupoteza kwanza. Tafuteni chenye mlio mzito wa hertzi 520. Katika majaribio yaleyale ya Australia, mlio huo uliamsha watu wenye usikivu hafifu kuliko kifaa kingine chochote. Kama bibi huvaa kifaa cha masikioni, mjaribuni akiwa amekivua, kama anavyolala.