Nani anaamua mshono umechuja?
Ndugu, umeuliza nani anaamua mshono wa kitenge umepitwa. Hakuna anayekaa kuamua. Hapa Kigoma vitenge vingi vinavuka ziwa kutoka Kongo, na mishono inavuka navyo. Dada mmoja anaonekana na mshono mpya kwenye sendofu, Jumatatu wenzake wako kwa fundi na picha kwenye simu: "Nishonee kama huu." Ukiona sare ya kwaya na ya vikoba imeshonwa hivyo, jua walioanza wameshauacha, maana waliupenda ulipokuwa wao peke yao. Kitambaa chenyewe hakichuji. Vitenge vya waksi vya Waholanzi, vilivyoiga batiki ya Java kule Indonesia, vipo tangu karne ya 19. Kinachochuja ni shingo na mikono, hasa ile ya kuvimba mabegani, ambayo mimi sikuielewa tangu mwanzo.