Kabla hujachora banda, piga magoti

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchora majengo, mapema tu mtaonyeshwa picha ya bwawa la pengwini la bustani ya wanyama ya London. Lilijengwa mwaka 1934. Mchoraji ni Berthold Lubetkin, mzaliwa wa Georgia, na wenzake wa kikundi cha Tecton. Upande wa zege alikuwepo mhandisi Ove Arup.

Picha hiyo usiipite haraka. Bwawa lina umbo la yai na ukuta mweupe, na juu ya maji kuna njia mbili za mteremko zinazopishana hewani, kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Kila moja ina urefu wa mita 14 hivi, na katikati hakuna nguzo hata moja. Kaa nayo jioni nzima, uchore mkato wake, yaani lionekanavyo likikatwa wima, ujiulize nondo zimelazwaje hata zege nyembamba vile isipinduke. Mimi nilijifunza mengi kwa kuinakili kuliko darasani.

Halafu piga magoti uitazame upya kutoka kimo cha pengwini. Watazamaji walio ukutani wanaona jukwaa, na ndege wakishuka kwa foleni watu wanacheka. Ndege mwenyewe anakanyaga zege kutwa. Miaka ya baadaye walipata vidonda vya nyayo, na lawama ikaangukia sakafu ile. Wako pia pengwini, kama wale wa pwani za kusini mwa Afrika, wanaopenda kutagia kwenye mashimo ya kuchimba, zege wataichimbaje? Mwaka 2004 walihamishiwa bwawa la bata ili ukarabati ufanyike. Kule wakachangamka, basi hawakurudishwa. Bwawa la Lubetkin limebaki bila wenyewe, na kwa kuwa limo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria Uingereza, halibomolewi wala halibadilishwi ovyo.

Nisijifanye mjuzi. Banda langu la kwanza la ng'ombe nililipiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha sakafu, mpaka likang'aa, mwenye mifugo akanisifu sana. Wiki ya pili mtamba akateleza akateguka mguu. Ilibidi fundi aje na patasi kuikwaruza sakafu yote, na fedha zilitoka mfukoni mwangu. Mchungaji wa pale angeniambia mapema lakini sikumuuliza. Nilimwona ni mtu wa kufungua geti tu.

Kwa hiyo kabla ya kushika penseli, nenda kwa anayelisha na kufagia. Muulize mnyama hulala wapi, hujisugua wapi, mkojo hutiririkia wapi. Andika kwa maneno yake, usiyapambe.

Ukibahatika kufika London, ukishalitazama bwawa, tafuta nyumba ya twiga. Ilichorwa na Decimus Burton miaka ya 1830, karibu karne nzima kabla ya Lubetkin. Wanafunzi hawaipigi picha sana, maana ni matofali ya kawaida na milango mirefu. Milango hiyo ina kimo cha mita 5 hivi, kwa sababu anayepita hapo ni twiga. Na twiga wanaipita mpaka leo.