Kufundisha nishati jadidifu Mtwara na Lindi: anza na gesi, si na jua

Somo la nishati jadidifu, yaani ile inayorudi baada ya kutumiwa, kwa kawaida huanza na orodha mbili: jua, upepo na maji upande huu, mafuta, gesi na makaa ya mawe upande ule. Mwanafunzi wa kidato cha pili anazikariri kwa dakika kumi, anazitapika kwenye mtihani, na bado hajui gesi imewekwa upande ule kwa sababu gani. Kwa shule za huku kusini ni afadhali kuanza na gesi yenyewe. Ndiyo wanayoisikia nyumbani tangu wadogo, na ndiyo wanayoielewa vibaya.

Waulize: gesi ya Msimbati, huku Mtwara, inatoka usiku na mchana, kwa nini tuseme itakwisha? Waache wabishane. Hakosekani wa kusema ardhi inatengeneza nyingine, na usimkatize, maana hajakosea. Mabaki ya mimea na viumbe vidogo bado yanafukiwa na tope hata leo, ila kuiva kwake huchukua mamilioni ya miaka. Sasa andika ubaoni: gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika kibiashara 2004, ya Mnazi Bay (ndiyo hiyo ya Msimbati) iligunduliwa 1982, bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015. Hiyo ni miongo tu. Kinachotenganisha makundi mawili ni kasi ya kurudi ikilinganishwa na kasi ya kutumia. Usafi ni swali jingine kabisa, na ukiliingiza mapema utawachanganya.

Ukiwa Lindi, jiandae na swali la Tendaguru. Mjusi mkubwa aliyechimbwa huko na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 huwafanya wengi waamini kwamba gesi ni mafuta ya dinosaria. Sivyo. Wingi wa mabaki uko kwenye vitu vidogo, mimea na viumbe vidogo vya majini, wala si kwenye mifupa ya wanyama wakubwa.

Kisha wape hesabu, bila kutaja kisima chochote. Hifadhi ina vizio 1,000, tunatumia 40 kwa mwaka: itadumu miaka mingapi? Wote watasema 25. Sasa matumizi yaongezeke asilimia 5 kila mwaka: 40, 42, 44.1, na kuendelea. Wajumlishe kwa mkono, safu kwa safu. Hifadhi inaisha ndani ya mwaka wa 17. Malizia kwa kueleza kwamba kisima halisi hakikauki siku moja kama pipa. Shinikizo hupungua polepole, ndiyo maana visima vikongwe hufungiwa kompresa za kusukuma gesi.

Hapo lete kinyesi cha ng'ombe. Bayogesi na gesi asilia zote kiini chake ni methani, ya kwanza ni jadidifu na ya pili siyo, na hakuna mfano unaovunja kukariri kama huu. Chukua chupa ya lita 1.5, changanya kinyesi kibichi na maji kwa ujazo sawa, jaza robo tatu, vika puto mdomoni na ulifunge kwa mpira au uzi. Weka mahali penye joto, si juani moja kwa moja. Puto huweza kuchukua wiki moja hadi tatu kusimama. Lisiposimama, mara nyingi ni uvujaji mdomoni, au kinyesi kilikuwa kimekauka, au mtu ametia mabaki ya chakula kwa wingi na mchanganyiko ukawa na asidi. Kamwe usifunge chupa kwa kifuniko chake, itapasuka. Na usiwashe moto: gesi ya mwanzo huwa na kaboni dayoksaidi nyingi, haiwaki, na baadaye ikiwaka utakuwa na watoto 50 wamekuzunguka. Puto lililosimama linatosha.

Mkaa ndio unaostahili muda mrefu kuliko yote, kwa sababu jibu lake si ndiyo wala hapana. Kwanza utenge na makaa ya mawe, yale yanayoshuka kwa malori kutoka Ruvuma kuja bandari ya Mtwara. Majina yanafanana na wanafunzi huyachanganya hadi kidato cha nne. Kisha fanyeni jaribio. Pima gramu 400 za mkaa mkavu. Washa jiko la bati kwa vijiti vichache. Teleka lita 2 za maji kwenye sufuria yenye mfuniko, pima joto la mwanzo, ngoja yachemke. Papo hapo toa makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye kifuniko yazimike kwa kukosa hewa, yakipoa pima tena. Kosa la karibu kila kundi ni kuyazima kwa maji; yananyonya, uzito unapanda, hesabu inaharibika. Kosa la pili ni kuweka jiko kwenye upepo.

Maji yakianza nyuzi 28, lita 2 zinahitaji kilojuli 605 hivi. Gramu moja ya mkaa ina kilojuli 29 hivi, kwa hiyo kinadharia gramu 21 zingetosha. Ikiwa zimeungua 120, ufanisi ni asilimia 17. Rudia kwa jiko banifu, lile linalotunza joto, sufuria ileile. Halafu rudi nyuma hadi msituni: tanuri la udongo hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa kuni, hivyo zile gramu 120 zilitokana na gramu 600 hadi kilo 1.2 za mti. Miombo huchipua tena kwenye visiki. Ukikata kwa zamu na kuupa msitu miongo ya kupumzika, mkaa ni jadidifu. Ukikata kila mwaka palepale na moto ukapita kila kiangazi, ni kama unachimba mgodi: unachotoa hakirudi.

Maganda ya korosho watayataja wenyewe. Yanarudi kila msimu, na viwanda huyachoma kwenye tanuri. Usiyachome darasani: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho.

Kwa jua, paneli ya wati 10 na multimita (kifaa cha kupimia umeme) zinatosha. Kosa kubwa ni kupima volti pekee. Wingu likipita volti hushuka kidogo sana, mwanafunzi anahitimisha kuwa mawingu hayana athari. Pima ampea, kwa kuunganisha multimita moja kwa moja kwenye paneli kupitia tundu la 10A. Kwa paneli ndogo hivi ni salama, utaona karibu 0.6 jua la utosini. Ukifanya vivyo hivyo kwenye betri, fyuzi ya multimita inakufa. Halafu weka jani moja la mkorosho lifunike seli moja tu. Ampea zinaporomoka, kwa sababu seli zimeunganishwa kwa mfululizo. Paneli ielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Vitabu vya Ulaya vinasema kusini na mafundi wengine huvifuata.

Upepo na maji hupita haraka. Kusi na kaskazi wanazijua. Ongeza tu kwamba kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, litumie kuonyesha kuwa nishati ya maji, ingawa ni jadidifu, hutegemea mvua.

Kwenye mtihani, epuka "taja vyanzo vitatu". Uliza: "Kijiji kinakata tani 30 za kuni kwa mwaka kwenye msitu unaokua tani 20. Je, kuni hizo ni jadidifu?" Anayeandika "ndiyo, kwa sababu miti hukua" mpe nusu. Anayeandika "umeme" kama chanzo cha nishati hana maksi, maana umeme wenyewe huzalishwa kutoka vyanzo hivi, na hilo waambie kabla ya mtihani.