Tizi baada ya miaka 50: siku ya kupumzika usiiruke

Nina miaka 54, nilianza kunyanyua uzito nikiwa na 48, na kilichonianzisha ni mama yangu. Tulikua msibani Muheza, wanawake tumekaa chini kwenye mkeka kama kawaida, muda wa kuondoka ulipofika mama akashindwa kuinuka. Wala hakua anaumwa. Akajisukuma kwa mkono, akageuka akapiga magoti, akashika bega langu na la shangazi, akabaki pale anahema, na usoni nikaona kabisa ameogopa. Miguu ilishaisha nguvu siku nyingi na nyumbani hakuna aliyejua.

Yani kumbe misuli inaanza kupungua mapema tu, kuanzia miaka ya 30 hivi, wataalamu wanasema asilimia 3 mpaka 8 kila miaka 10, afu ukivuka 60 inakimbia zaidi, na sisi wanawake hedhi ikikoma mifupa nayo inapungua kwa kasi. Kutembea ni kuzuri, ila kutembea peke yake hakukurudishii nguvu ya kuinuka chini. Misuli inataka uzito.

Hela ya gym sikua nayo, nikaanza na madumu. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la 10 ni kilo 10, la 20 kilo 20, na uzuri wake unaongeza lita moja moja unavyoweza. Skwati nilianzia kwenye kiti, nakaa nainuka bila kushika kitu, mara 10, napumzika, seti 3, baadae nikahamia kwenye kigoda, baadae nikakumbatia dumu kifuani. Nyingine ni kuinua madumu mawili kutoka chini mgongo umenyooka, pushapu za ukutani, na kuvuta dumu kuja kiunoni kwa mkono mmoja. Kwa kuanzia hayo manne yanatosha kabisa. Ila usibane pumzi unaponyanyua, toa pumzi, na kama una presha au moyo ongea na daktari kwanza.

Sasa kosa langu. Nilivyoona nguvu zinakuja nikawa nafanya kila siku, Jumapili sijui sikukuu hakuna. Mwezi wa tatu goti la kushoto likaanza kuuma hapo chini tu ya pia ya goti, asubuhi nashuka ngazi nimeshika ukuta, nikajiambia huu ni uvivu nikaongeza tizi, likavimba. Wiki 6 sikunyanyua kitu. Mtaalamu wa viungo aliyenihudumia akanieleza kwamba misuli inapata nguvu haraka, lakini kano, zile kamba zinazoishikiza kwenye mfupa, damu inazifikia kidogo, zinachelewa, na umri ukienda zinachelewa zaidi. Misuli yangu ilikua tayari kwa dumu la 20, kano bado. Na misuli yenyewe ukiwa unanyanyua unaichosha tu, inajengwa baadae ukishakula na kulala.

Kwa hiyo wenzangu wa rika hili naomba sana mnisikie. Shirika la Afya Duniani linasema mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na mi nafanya hizo 2 tu, Jumatatu na Alhamisi, na nina nguvu kuliko nilivyokua nafanya siku 7. Maumivu ya misuli ya kawaida yanakolea siku ya pili afu yanaondoka, usiyaogope, ila maumivu ya kwenye kiungo, ya upande mmoja, yenye uvimbe, au yamefika siku ya tano bado yapo, hapo acha ukaangaliwe.

Na chakula jamani. Sisi akina mama tunapakulia watu wote, samaki wanaisha, tunabaki na ugali na mchuzi. Hiyo iishe. Umri huu unahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wako, mi nina kilo 70 kwa hiyo angalau gramu 70 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, hebu piga hesabu. Jitengee kipande chako mapema, dagaa, maharage, mtindi, kila mlo uwe na kitu.

Na mzazi wako usiseme ameshazeeka basi. Mwaka 1990 Boston, Marekani, walichukuliwa wazee 10 wa miaka kama 90 wanaoishi kwenye nyumba ya wazee, wakafanyishwa mazoezi ya uzito wiki 8, nguvu ya miguu ikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Mama ana 77, anafanya kukaa na kuinuka kwenye kiti, mara 5 asubuhi mara 5 jioni, siku moja anafanya siku moja anapumzika. Alianza na mito miwili juu ya kiti ili asishuke sana. Sasa hivi umebaki mmoja.