Kanda ya Pili Aliiokota Nani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Bagamoyo, na zinauliza jambo moja: muvi za kutisha za mkanda uliookotwa, zile ambazo tunachotazama ni kanda iliyoachwa na watu waliopotea, na aliyeshika kamera ni mmoja wao. Tumechagua nne.

Mimi na wenzangu tulitazama The Blair Witch Project, ikatunyima usingizi. Tukatafuta pati tu, tukakuta muvi ya kawaida kabisa, haina hata kutikisika. Tuliuziwa feki?
*Mdau, Dunda*

Hamkuuziwa feki. Book of Shadows: Blair Witch 2 ilitoka mwaka 2000, mwaka mmoja na ushei baada ya ile ya kwanza, na mwongozaji wake, Joe Berlinger, aliiacha kamera ya mkononi kwa makusudi. Wahusika wake ni mashabiki walioitazama ya kwanza wakaenda kujionea wenyewe. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba picha ikishapigwa vizuri na taa zikapangwa, mtazamaji anajua kuna kundi la watu nyuma ya kamera, na woga wote unaisha hapo.

Kumbukeni ile ya 1999 ilivyopikwa. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwapeleka waigizaji watatu msituni, jimbo la Maryland, kwa siku 8, wakawakabidhi kamera mbili: moja ya video ya Hi8, nyingine ya filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe. Waigizaji ndio waliopiga picha. Kila mmoja aliachiwa kikaratasi chake cha maelekezo njiani, mwenzake asijue kimeandikwa nini, na chakula kikawa kinapunguzwa kila siku. Kwa hiyo mnapowaona wamenuna na kugombana, sehemu ya ugomvi ule ni njaa ya kweli. Walirudi na mkanda wa saa 20 hivi. Ukakatwa hadi dakika 81.

Iko pia Blair Witch ya 2016, ya Adam Wingard, iliyorudi kwenye mkanda uliookotwa. Humo kila mtu ana kakamera ka sikioni, na juu kuna droni. Hapo ndipo ilipojikwaa. Kamera zikiwa nyingi, mhariri anaruka kutoka jicho hadi jicho kama kwenye muvi yoyote, na ile kona ambayo kamera moja haikuweza kuiona inapotea. Kona ile ndiyo iliyokuwa inatisha. Ya 2016 itazameni mara moja. Ya 2000 iacheni.

Nina kibanda umiza. Nikiweka muvi za namna hii wateja wanalalamika: picha inawapa kichefuchefu, mtafsiri haeleweki, na mwisho steringi anakufa. Niachane nazo?
*Mwenye kibanda, Magomeni*

Usiachane nazo, chagua tu. Anza na [REC] ya Hispania, ya 2007: mtangazaji wa televisheni na mpiga picha wake wanawafuata wazimamoto kwenye jengo moja la ghorofa Barcelona, kisha wanafungiwa humo. Ina dakika 78. Papo hapo weka [REC] 2 ya 2009, dakika 85, kwa sababu inaanza dakika chache tu baada ya ya kwanza kuisha, jengo lilelile, usiku uleule. Huo ndio mwendelezo uliofika. Walioongoza, Jaume Balagueró na Paco Plaza, walijiuliza safari hii nani atakuwa na kamera, wakapata jibu: askari wa kikosi maalumu wanaoingia na kamera kwenye helmeti. Askari hana hiari ya kuizima, basi mtazamaji naye haulizi kwa nini bado inarekodi.

Ya tatu, ya 2012, ni ya harusi. Inaanza kwa kamera za wageni, halafu baada ya dakika kama 20 inazitupa na kuendelea kama muvi ya kawaida yenye vichekesho na msumeno. Wateja wako wataipenda, ila usiwaambie ni mkanda uliookotwa. Ya nne, ya 2014, ni ya melini, nayo si mkanda uliookotwa, ruka.

Kichefuchefu kinatokana na picha inayotikisika kutazamwa kwa karibu kwenye skrini kubwa. Sogeza benchi la mbele nyuma, na acha taa moja hafifu ikiwaka pembeni ili jicho lipate kitu kisichotikisika. Kuhusu mtafsiri: mwambie aongee pale wahusika wanapoongea tu. Dakika za mwisho za [REC] ya kwanza ziko gizani, kwenye chumba cha juu, kwa kamera ya kuona usiku, na kinachosikika zaidi ni pumzi. Mtafsiri akiijaza nafasi ile kwa utani, umeuza tiketi bure. La steringi kufa hatuna dawa yake. Kanda imeokotwa, mwenyewe angekuwa hai angeidai.

Katika Paranormal Activity ipi ina ile kamera inayogeukageuka? Tunaweza kuitengeneza nyumbani?
*Fundi mdogo, Mji Mkongwe*

Ni ya tatu, ya 2011, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko miendelezo yote ya mfululizo ule. Ya kwanza mwongozaji Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa dola 15,000 hivi. Ya pili ilitegemea kamera za ulinzi ukutani. Ya tatu inarudi mwaka 1988, na baba wa kambo pale nyumbani kazi yake ni kupiga video za harusi, kwa hiyo kamera anazo na kuzichezea ndiyo kawaida yake. Anaifunga moja juu ya kitako cha feni. Inageuka polepole: sebule, jikoni, sebule. Unamwona mama jikoni, kamera inaondoka, na ikirudi vyombo na samani zote hazipo. Hakuna anayeweza kuiharakisha, unasubiri feni.

Kuitengeneza inawezekana. Chukua feni la mezani linalogeuka. Chomoa waya ukutani kwanza. Toa wavu wa mbele, kisha kofia inayoshika mapanga; hiyo kwa kawaida hufunguka kinyume, unazungusha kulia, na wengi huivunja kwa kukazana kushoto. Toa mapanga na wavu wa nyuma. Mota usiiondoe, maana gia ya kugeuza inaendeshwa nayo. Juu ya gamba la mota funga kipande cha ubao, simu ikae juu ya ubao na si juu ya gamba lenyewe, kwa sababu linapata moto. Tumia namba 1, na pumzisha kila dakika 10: yale mapanga uliyoyatoa ndiyo yaliyokuwa yakiipoza. Mota itanguruma, kwa hiyo rekodi sauti kwa simu nyingine upande wa pili wa chumba.

Shikamooni. Tuko vijana sita. Tulipiga muvi ya dakika 20 kwa simu, jamaa wanapotelea kwenye mikoko karibu na Kaole. Mtaani imependwa, tunataka pati tu. Ila picha za usiku zina chenga, na sauti inapishana na midomo. Tufanyeje?
*Kundi la Sita, Bagamoyo*

Marahaba. Kabla ya chenga, jibuni hili: ile simu iliyobaki kwenye tope aliiokota nani? Msipolijibu, mtawapeleka vijana wengine sita mikokoni wakapotee vilevile, na hiyo ni ya kwanza iliyorudiwa. Anzeni kwenye meza ya fundi simu. Kaletewa simu iliyoingia maji ya chumvi, anaifungua chini ya taa yake, anarekodi kazi kwa simu yake mwenyewe ili mteja asije kumgeuka. Tayari mna kamera mpya na sababu ya kurekodi.

Sasa chenga. Simu gizani hupandisha yenyewe ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, na mara nyingi hupunguza idadi ya fremu ili ipate mwanga. Kosa hilo la pili ndilo linalowapishanishia sauti na midomo. Tumieni programu ya kamera inayokubali kupangwa kwa mkono: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/50 ya sekunde, ISO isizidi 800. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mpangilio huo pia unaondoa michirizi ya taa. Mwanga ukipungua ongezeni tochi, msiongeze ISO. Tochi isimmulike mtu usoni. Ielekezeni kwenye shuka jeupe lililo nje ya picha. Simu ya sauti iwe ya pili, mfukoni mwa mhusika, na pigeni makofi mara moja mbele ya kamera kila mnapoanza, ili sauti na picha zilinganishwe hapo. Faili zilizokwisha kupishana zipitisheni HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadili video, mchague idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo mhariri.

Simu ya picha iwekeni hali ya ndege. Simu ikiita katikati, rekodi inaweza kukatika. Kwa ubora wa 1080 hesabuni gigabaiti 8 hivi kwa saa.

Maji ndiyo yatakayowaumbua. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mkipiga Ijumaa saa 12 jioni tope likiwa wazi, Jumamosi sogezeni ratiba hadi saa 1 kasoro dakika 10, ila jua litakuwa limezama. Basi za jioni zipigeni zote siku moja. Siku za bamvua msiingie mikokoni usiku hata kidogo. Maji hurudi kwa kasi, na njia mliyoingilia hamtaiona.

Kibali cha kupiga filamu ombeni Bodi ya Filamu mapema, na ndani ya mahame ya Kaole zungumzeni na wasimamizi wake. Mle mna makaburi. Msipande juu yake, na msiguse chochote ambacho watu wameacha pale kwa dua zao. Picha ya minara ya makaburi ikionekana kwa mbali, nyuma ya mhusika aliyesimama asiyegeuka, inawatosha.